KUTU HAINA HARAKA
Je, gari jipya lipakwe kinga katika nchi za baridi?

Mkazi yeyote wa Dar es Salaam, Tanga au Unguja aijua kazi ya chumvi juu ya chuma. Bati lililoezekwa karibu na bahari hubadilika rangi mapema kuliko bati la Dodoma, na komeo la dirisha lielekealo pwani hugoma kufunguka lingali changa. Hatuna haja, basi, ya kufundishwa kutu ni nini. Walakini ndugu zetu kadha wa kadha sasa wanaishi na kufanya kazi katika nchi za baridi, na huko chumvi haiji kwa upepo wa bahari. Huletwa kwa malori na kumwagwa barabarani kwa amri ya wenye mji.

Tuchukue mji wa Toronto, katika jimbo la Ontario nchini Kanada. Tuseme, ndugu msomaji, kwamba ndiwe uliyehamia huko, au ni mdogo wako aliyekupigia simu akiomba shauri. Baada ya kuweka akiba miaka kadhaa, gari jipya limechaguliwa. Bei imekubaliwa, kalamu i mkononi. Ndipo mwuzaji anapotoa karatasi nyingine na kuuliza kama ungependa pia kinga ya kutu. Kinga hiyo huweza kugharimu mamia ya dola, pengine zaidi ya elfu moja. Ukikataa, wahofia gari litaoza. Ukikubali, wahofia umepunjwa, na fedha hizo zingeweza kulipa karo ya mtoto nyumbani. Kabla ya kusaini, yafaa uelewe mambo matatu: kutu hutoka wapi, kiwanda kimekwisha fanya nini, na wewe mwenyewe wakusudia kukaa na gari kwa muda gani.

Chumvi ya barabarani

Theluji ikikanyagwa na magari hugeuka barafu, na barabara huteleza mfano wa sakafu iliyomwagiwa sabuni. Chumvi huyazuia maji yasigande upesi. Kwa sababu hiyo Kanada hutumia takribani tani milioni 5 za chumvi ya barabarani kila mwaka. Chumvi hiyo huokoa maisha ya watu wengi. Lakini maji yake hurushwa na magurudumu hadi uvunguni mwa gari, yakajipenyeza katika kila kiungo na kila mkunjo wa chuma.

Chuma kikikutana na maji na hewa hushika kutu. Maji yakiwa ya chumvi kazi huenda mbio, kwa kuwa hupitisha umeme vizuri, na kutu kwa asili yake huletwa na mkondo mdogo wa umeme unaotembea juu ya chuma. Baridi inapozidi kiasi cha nyuzi 10 chini ya sifuri, chumvi ya kawaida hupungua nguvu, na aghalabu huongezwa chumvi za kalsiamu na magnesi. Hizi huvuta unyevu wa hewani, hata gari likabaki bichi siku ambayo jua linawaka.

Wengi hudhani kwamba gari lenye chumvi likilazwa katika banda lenye joto limehifadhiwa. La hasha. Joto huichochea kutu. Gari lililolala nje kwenye baridi kali huoza polepole zaidi kuliko lile linaloingizwa kila jioni bandani, chumvi ikayeyuka na kuendelea na kazi yake usiku kucha.

Kazi iliyokwisha fanyika kiwandani

Ni kweli kwamba magari mengi ya miaka ya 1970 yalitoboka katika nchi hizo kabla ya kumaliza miaka michache. Tangu wakati ule mengi yamebadilika. Kampuni ya Porsche ilianza kuunda bodi za gari lake la 911 kwa mabati yaliyopakwa zinki katikati ya miaka ya 1970, na mwaka 1985 kampuni ya Audi ikafanya hivyo kwa bodi nzima ya gari lake la 100. Ni hila ileile tuijuayo katika mabati ya kuezekea nyumba: zinki huliwa kwanza ili chuma kipone. Zaidi ya hayo, bodi huzamishwa nzima katika rangi ya awali huku ikipitishiwa umeme, ili rangi ishike hata pembe zisizoonekana. Leo viwanda vingi hutoa dhamana ya miaka 5 hadi 12 kwamba bodi haitatobolewa na kutu. Kwa hiyo mwuzaji akikutisha kwamba bodi ya gari jipya itaoza baada ya miaka 3, usimsikilize.

Lakini isome dhamana hiyo kwa makini. Kwa kawaida huhusu tundu lililotokea ndani ya bati la bodi likajitokeza nje. Chasisi, mabomba ya breki na vyuma vingine vya uvunguni aghalabu havimo. Na huko ndiko kikulacho kilipo. Mwaka 2016 kampuni ya Toyota ilifikia suluhu ya kesi nchini Marekani kuhusu chasisi zilizoliwa na kutu katika magari kiasi cha milioni 1.5, mengi yakiwa pikapu. Gharama yake ilikadiriwa kuweza kufikia dola bilioni 3.4. Mwaka mmoja kabla ya hapo, wakuu wa usalama barabarani wa nchi hiyo waliwaonya wenye magari ya zamani katika majimbo yanayomwaga chumvi kwamba mabomba ya breki yanaweza kuliwa hadi kupasuka, wakawashauri waoshe uvungu wa gari mara kwa mara majira ya baridi. Hapo si tena suala la sura ya gari. Ni suala la mguu wa dereva kukanyaga breki, na watoto wamekaa nyuma.

Aina za kinga

Ya kwanza ni kijisanduku cha umeme kinachofungwa karibu na betri, na kusemekana kuwa huzuia kutu gari zima. Umeme huilinda kweli meli baharini na bomba lililozikwa ardhini, kwa kuwa maji au udongo mbichi huvizunguka pande zote na kupitisha mkondo. Gari limezungukwa na hewa, na hewa haipitishi mkondo huo. Usikinunue.

Ya pili ni tabaka zito jeusi, mfano wa lami, linalopakwa mara moja tu. Huonekana imara siku ya kwanza. Likikauka na kupata ufa, maji ya chumvi huingia chini yake, yakafungiwa humo na kuoza chuma pasipo kuonekana.

Ya tatu ni mafuta mepesi au nta, inayopulizwa uvunguni na ndani ya milango. Mafuta hutambaa hadi kwenye viungo na kuyafukuza maji. Kasoro yake ni kwamba huoshwa na mvua, hivyo hapana budi kurudia kila mwaka. Katika gereji za Ontario kazi hiyo kwa kawaida hugharimu kiasi cha dola 150 hadi 200 za Kanada.

Uamuzi

Sasa jiulize: nitakaa na gari hili miaka mingapi? Ikiwa umelikodi kwa miaka 3 au 4 kisha utalirudisha, au ni desturi yako kuuza mapema, usilipe kitu. Kinga ya kiwandani yatosha, nawe utakuwa unamtengenezea mwingine.

Ikiwa, kama wafanyakazi wengi, wataka likuhudumie miaka 10 au zaidi, pulizia mafuta kila mwaka kuanzia majira ya vuli ya kwanza, kabla theluji haijaanguka. Usingoje kutu ionekane. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa miaka 10 utatumia dola 1,500 hadi 2,000, lakini kidogo kidogo, na utaweza kuacha siku yoyote utakapoamua kuuza. Mwulize fundi kama atatoboa matundu mapya, kwani huenda yakaharibu dhamana, na hakikisha kwamba vitundu vya kutolea maji chini ya milango havikuzibwa.

Kwa vyovyote vile, osha uvungu wa gari siku ambazo baridi imelegea, na mara moja kwa ukamilifu theluji inapokwisha. Kila mwaka mwambie fundi aangalie mabomba ya breki.

Na siku ile ya kusaini, mwambie mwuzaji kwamba umenunua gari tu, na hilo la kinga utalifikiri nyumbani. Kutu haitaingia usiku huo.