Ukuta mmoja wa rangi kali watosha kufufua sebule

NYUMBA nyingi za kupanga jijini Nairobi zinafanana kama mapacha. Iwe ni Umoja, Kayole au Donholm, ukifungua mlango unalakiwa na kuta za rangi ya krimu, zenye alama za mikono ya watoto kuanzia kwenye swichi ya taa hadi sakafuni.

Miaka michache iliyopita, mwandishi wa makala haya alichoshwa na krimu hiyo. Alinunua rangi nyekundu iliyokolea na kupaka kuta zote nne za sebule. Chumba kikaonekana kimepungua nusu. Jua la jioni lilipoingia dirishani, wageni waliona kama wameketi ndani ya jiko la makaa. Siku ya kuhama, ilibidi kuta zipakwe krimu mara nne ndipo wekundu ufunikwe. Gharama yote ilikatwa kwenye amana ya nyumba.

Je, mpangaji asahau rangi kali? La hasha! Dawa ni kupaka ukuta mmoja tu: ule unaoonekana kwanza mtu anapoingia, kwa mfano ule ulio nyuma ya kochi. Hizo nyingine tatu ziache zilivyo.

Chagua rangi kwa kufuata mwanga. Chumba ambacho dirisha lake linatazama ukuta wa jirani huchangamshwa na manjano. Kile kinachopigwa na jua la alasiri hutulizwa na bluu au kijani.

Kabla ya kupaka, jaribu rangi kwenye kipande cha katoni, ukitundike ukutani kwa siku mbili na kukitazama asubuhi, mchana na usiku taa ikiwaka. Rangi ya maji kwa kawaida hukolea zaidi inapokauka.

Usinunue kupita kiasi. Ukuta wa mita 3 kwa mita 2.5 una eneo la mita mraba 7.5. Ukipaka mara mbili, ni mita mraba 15. Lita moja ya rangi ya maji hufunika takriban mita mraba 10, hivyo mikebe miwili ya lita moja yatosha.

Sasa sikiliza, mzazi mwenzangu. Rangi kuukuu inaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo hudhuru ubongo wa mtoto hata yakiwa kidogo. Usiikwaruze ikiwa kavu. Lowesha ukuta kwanza, tumia msasa wa maji, kisha pangusa sakafu kwa kitambaa kibichi. Watoto na walale kwa shangazi yao hadi kazi iishe.

Muhimu pia, omba ruhusa ya mwenye nyumba, naye aiandike. Maneno ya mdomoni husahaulika siku ya kudai amana.

Akikataa, au ikiwa wewe ni mwanafunzi wa bweni, kimbilia leso. Akina mama wa pwani wamejua siku nyingi jinsi ya kupatanisha nyekundu, nyeusi na manjano katika kitambaa kimoja. Doti moja ina vipande viwili: kimoja kitundike ukutani, cha pili kishone foronya za mito ya kochi. Ukihama, unakunja leso zako na kwenda nazo, na amana yako hairudi pungufu.