"Haina gia hiyo!" Kumbe gia zimo ndani ya gurudumu: Mambo ya kujua kabla ya kununua au kutengeneza

Kwa wauzaji wa baiskeli za mtumba Dar es Salaam na Zanzibar kuna baiskeli kutoka Japani ambazo wanunuzi wengine huziruka haraka. Nyuma zina sproketi moja tu, cheni imefunikwa, hazina ule mkono wa chuma unaoning'inia chini ya ekseli. Mtu anasema "haina gia hiyo" na kwenda zake.

Ukitazama vizuri kwenye usukani, utaona swichi yenye namba 1, 2, 3. Gia zipo. Zimefichwa ndani ya habu, yaani lile bomba nene lililo katikati ya gurudumu la nyuma, ambako spoku zote zinaanzia.

Aina hii ya gia ni ya zamani kuliko wengi wanavyodhani, na kwa mtu wa kwenda kazini kila siku kwenye vumbi, matope na foleni, huenda ndiyo inayomfaa zaidi. Shida ni kwamba ikisumbua kidogo tu, haraka sana inahukumiwa kuwa imekufa.

Ndani kuna nini?

Kuna jua na sayari zake, ndivyo wahandisi wanavyoita. Gia moja ndogo imekaa imara kwenye ekseli na haizunguki kamwe: hiyo ndiyo jua. Pembeni yake kuna gia nyingine ndogo zinazolizunguka, hizo ni sayari, nazo zimeshikwa pamoja na kibebeo kimoja. Nje ya sayari kuna pete kubwa yenye meno kwa ndani.

Chukua AW ya Sturmey-Archer ya Uingereza, pengine habu ya gia tatu inayojulikana kuliko zote. Jua lina meno 20, kila sayari meno 20, pete meno 60. Ukiwa gia ya 2, nguvu ya cheni inapita moja kwa moja: sproketi ikizunguka mara moja, gurudumu nalo mara moja. Ukiweka gia ya 1, cheni inazungusha pete na gurudumu linafuata kibebeo cha sayari, kinachokwenda polepole zaidi. Gurudumu linapata robo tatu ya mzunguko, na miguu inapata nafuu kwenye mlima. Gia ya 3 ni kinyume chake. Cheni inazungusha kibebeo, gurudumu linafuata pete, na kwa mzunguko mmoja wa sproketi gurudumu linakwenda mara moja na theluthi.

Basi, hesabu yote ni hiyo. Swichi ya kwenye usukani inavuta au kulegeza waya tu, na waya unasogeza kipande kidogo ndani ya habu kinachoamua nani amzungushe nani.

AW ilitoka mwaka 1936. Kampuni yenyewe ilianza Nottingham mwaka 1902 chini ya Frank Bowden, mwenye Raleigh, jina ambalo wazee wengi wa Afrika Mashariki hawahitaji kuelezwa. Biashara hiyo ilipoyumba mwaka 2000, ilinunuliwa na SunRace ya Taiwan, na habu za jina hilo bado zinatengenezwa. Wajapani nao wana Shimano, yenye habu za gia 3, 7, 8 hadi 11.

Kwa nini zinafaa mjini

Jambo la kwanza ni kubadilisha gia ukiwa umesimama. Gia za nje, zile za kuhamisha cheni kutoka sproketi moja hadi nyingine, zinataka pedeli ziwe zinazunguka. Gari likikufungia ghafla ukiwa kwenye gia nzito, utaondoka kwa taabu huku magari ya nyuma yanapiga honi. Kwenye habu, unasimama kwenye taa, unageuza swichi hadi 1, unaondoka mwepesi.

La pili ni cheni. Kwa kuwa haihami, inakaa imenyooka muda wote, inaweza kuwa nene, na inaweza kufunikwa kabisa. Mvua na mchanga haviifikii kirahisi, suruali haichafuki, kanga wala gauni halinaswi. Hakuna mkono wa nje wa kupinda baiskeli ikianguka au ikirundikwa na nyingine juu ya lori.

Hasara zake pia zisifichwe. Habu ni nzito kuliko ya kawaida, na meno yanayosuguana ndani yanakula nguvu kidogo. Vipimo vilivyowahi kufanywa vinaonyesha tofauti ya kama asilimia 2 ikilinganishwa na gia za nje zilizo safi. Neno "safi" ndilo la kuangalia hapo, maana cheni ya nje iliyojaa mchanga wa barabarani nayo ina hasara yake.

Ugonjwa mkubwa ni waya

Gia ikiruka, ikipiga "ka!" ukikanyaga, au ikikataa kuingia, wapo watakaokwambia habu imekufa na kushauri ing'olewe. Kabla ya kukubali, angalia waya. Waya hulegea kadiri siku zinavyokwenda, na gia tatu zinategemea milimita chache za waya huo.

Kwa habu nyingi za Shimano za gia 3, weka swichi kwenye 2, kisha tazama kile kisanduku kidogo kwenye nati ya upande wa cheni. Kina kidirisha chenye alama. Mstari usipokaa katikati ya alama, kaza au legeza skrubu ya waya mpaka ukae. Kwa zile za gia 8 za Shimano, weka swichi kwenye 4, utaona alama mbili za njano karibu na sproketi ambazo lazima ziangaliane. Kwa Sturmey-Archer ya zamani, yenye kicheni kidogo kinachoingia kwenye ekseli, weka 2 na uchungulie kwenye tundu la nati: mwisho wa kile kijiti unapaswa kuwa sawa na mwisho wa ekseli. Kazi ya dakika mbili, na mara nyingi bila spana.

Hili la Sturmey-Archer ya zamani lisipuuzwe, kwa sababu linaumiza watu. Kati ya gia ya 2 na ya 3 kuna nafasi tupu. Waya ukiwa haujakaa sawa, habu inaweza kuteleza hadi hapo, na pedeli zikazunguka bure kama hazijafungwa na kitu. Ukiwa umekaa, unashtuka tu. Ukiwa umesimama juu ya pedeli na uzito wote umeuweka mbele, unaanguka juu ya bomba la fremu au unatua barabarani. Zile zinazotengenezwa siku hizi zimeondolewa nafasi hiyo, lakini za zamani bado zipo barabarani. Aliyenayo asisimame juu ya pedeli kabla hajahakikisha waya uko sawa.

Na waya wa Sturmey-Archer ukikatika njiani? Habu inabaki gia ya 3, ile nzito. Utafika, ila mlimani utasukuma.

Pancha ya nyuma

Hapa ndipo wengi wanapochukia habu hizi. Kutoa gurudumu kunataka spana namba 15 na kuachanisha waya wa gia kwanza. Mafundi wa mtaani wana njia yao nzuri: hawatoi gurudumu. Wanachomoa tairi upande mmoja, wanavuta tyubu nje, wanaziba, wanarudisha.

Ikilazimika kulitoa, kuna washa za kuangalia sana, zile zenye jino linaloingia kwenye nafasi ya fremu. Kazi yake ni kuzuia ekseli isizunguke. Zikipotea au zikirudishwa vibaya, ekseli inageuka ukikanyaga, inavuta waya, inaharibu meno yake, na hapo sasa habu nzima iko hatarini kwa sababu ya kipande cha chuma kidogo kuliko kizibo cha soda.

Wenye safari ndefu je?

Gia tatu hazitoshi kwa mtu aliyebeba mizigo minne kwenye keria na anapanda milima siku nzima. Waendesha baiskeli wa safari ndefu wenye fedha hutumia Rohloff Speedhub ya Ujerumani, iliyoanza kuuzwa mwaka 1998. Ina gia 14, kila hatua ikitofautiana na inayofuata kwa asilimia 13.6, na gia ya juu kabisa ni zaidi ya mara tano ya ile ya chini. Inakaribia upana wa baiskeli ya gia 27, lakini kwa sproketi moja.

Habu hii ina oili ndani, mililita 25, ya kubadilishwa kila kilomita 5,000 au mara moja kwa mwaka. Vizuizi vya gia viko ndani ya habu yenyewe, si kwenye swichi, kwa hiyo waya ukilegea kidogo gia haziharibiki. Waya ukikatika porini, unaweza kuchagua gia kwa mkono kwa spana namba 8 na kuendelea na safari. Spoku za pande zote mbili zinavutwa sawa, jambo linalosaidia sana gurudumu lenye mzigo. Ubaya? Bei yake inazidi euro 1,000, gia ya 7 ina kelele, na kati ya 8 na 7 usipolegeza miguu inaweza kukurusha hadi gia ya 14 kwa nukta moja.

Kwa mwenye habu ya gia tatu anayeishi penye vilima kuna dawa ya bei ndogo kuliko hiyo: badilisha sproketi ya nyuma. Kutoka meno 18 hadi 22, gia zote tatu zinakuwa nyepesi kwa karibu asilimia 18. Kwenye Sturmey-Archer na Shimano nyingi, sproketi inashikwa na pete ya springi tu, inayotoka kwa bisibisi. Usizidishe, kwani sproketi kubwa mno inaongeza mzigo kwenye meno ya ndani, na watengenezaji wa habu huweka kikomo.

Tahadhari moja kwa zenye breki ya kurudisha pedeli nyuma: kwenye mteremko mrefu kama wa Lushoto hadi Mombo, breki hiyo inachemka na kuunguza grisi iliyo ndani. Lazima kuwe na breki ya mbele inayofanya kazi.

Ukienda kununua

Inua gurudumu la nyuma, zungusha pedeli, pitia gia zote. Sauti ya "tik tik tik" kwenye gia ya 2 na ya 3 ya Sturmey-Archer ni ya kawaida, na kwenye 1 inanyamaza. Mkwaruzo kama wa changarawe si wa kawaida. Shika gurudumu ulitikise kushoto na kulia uone kama limelegea. Kwenye habu za zamani za Sturmey-Archer utakuta namba zimegongwa kwenye bomba, mwaka na mwezi zilipotengenezwa, na wakati mwingine kuna kitundu chenye kifuniko: hapo ni pa kudondoshea oili nyepesi ya mashine. Weka matone machache, zungusha, sikiliza tena kabla ya kutaja bei.