Je, Wajua? Mguu nao hupiga muziki

John Lee Hooker, nguli wa blues kutoka Mississippi, alirekodi “Boogie Chillen'” mjini Detroit mwaka 1948 bila mpiga ngoma: sauti yake, gitaa la umeme na kiatu kikigonga ubao, basi. Mwaka uliofuata wimbo ukashika namba moja kwenye chati ya muziki wa Weusi Marekani.

Mkoani Mara, kaskazini mwa Musoma, Wajaluo wa Rorya wana ufundi wa namna hiyo kwenye nyatiti, ala ya nyuzi 8. Mpigaji huvaa pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu, akaigonga kwenye mti wa ala huku njuga zikilia. Mtu mmoja, bendi nzima! Jirani zao Wakurya hupiga litungu, lenye mngurumo mzito zaidi.