Kabla hujakopa kununua mashine ya kapeti ya kwenye gari, piga hesabu hizi

Uko Usoke, una wazo la biashara ya kusafisha makapeti, na kwenye simu umeona video za gari lenye mashine nzima nyuma. Mpira mrefu unaingia ndani, maji machafu yanatoka meusi kama kahawa. Unajiuliza, ninunue ipi?

Mashine hizi si za bei ya kubahatisha, na muuzaji kwa kawaida atakutajia presha na nguvu za farasi basi. Leo tuangalie mambo yanayoamua kazi yenyewe: moto, upepo na uzito. Ila kabla ya hayo kuna swali moja.

Kapeti la mteja wako linahama?

Mashine za kwenye gari zilienea Marekani kuanzia miaka ya 1970 kwa sababu kule kapeti limegundishwa sakafuni, ukuta hadi ukuta. Huwezi kulitoa nje, kwa hiyo mashine ndiyo inalifuata. Kwetu nyumba nyingi zina zulia la kutandika juu ya saruji au vigae. Linakunjwa, linapelekwa kwa bodaboda pale wanapoosha magari, linapigwa sabuni, linaanikwa. Kama wateja wako ndio hao, huhitaji gari lenye mashine. Unahitaji maji, pampu na mahali pazuri pa kuanikia.

Mteja wa mashine ya kwenye gari ni yule ambaye kapeti lake halihami: msikiti, ukumbi, ofisi, nyumba ya wageni. Viti vya mabasi navyo vimo. Wateja wa aina hiyo utawatafuta zaidi Tabora mjini na Urambo kuliko mtaani kwako. Maana yake unanunua mashine pamoja na safari zake.

Hesabu ya moto

Maji ya moto yanalainisha mafuta na kuipa sabuni kasi. Tuseme mashine inatoa lita 5 kwa dakika, na unataka maji yapande kutoka nyuzi 25 hadi 90. Kila lita inataka kama kilojuli 4.2 ili ipande nyuzi moja. Kwa hiyo 5 × 4.2 × 65 ni kilojuli 1,365 kila dakika, yaani karibu kilowati 23.

Sasa linganisha. Soketi ya kawaida ya nyumbani, ampia 13 kwa volti 230, inatoa kilowati 3 tu. Hata zote zikiingia kwenye hita, hazifikishi lita moja kwa dakika kwa joto hilo. Mashine ndogo ya umeme ikitangazwa kuwa inatoa maji ya nyuzi 90 mfululizo, uliza ni lita ngapi kwa dakika.

Gari linazipata wapi kilowati 23? Injini ya petroli inageuza kama robo hadi theluthi tu ya nishati ya mafuta kuwa kazi. Nyingine inatoka kama joto kwenye rejeta na ekzosi. Injini inayofanya kazi ya kilowati 12 inatupa joto la kilowati 24 au zaidi, na mashine iliyotengenezwa vizuri inapitisha maji humo yachemke karibu bure. Nyingine zina jiko lake la dizeli. Lita moja ya dizeli ina kama megajuli 36, na jiko likipoteza sehemu moja kati ya tano, utachoma karibu lita 3 kwa saa. Hiyo iingize kwenye bei unayomtajia mteja.

Angalizo: kapeti la sufi halitaki moto huo wote. Nyuzi 60 zinalitosha.

Hesabu ya upepo

Wengi wanakimbilia presha. Mashine ya kuoshea magari mara nyingi inapita bar 100, wakati kapeti linataka kama 20 hadi 35. Ukizidisha, unasukuma maji hadi chini ya kapeti, na huko ndiko harufu ya uvundo inakoanzia. Kazi ngumu ni kuyarudisha maji uliyomwaga.

Chukua ukumbi wa msikiti wa mita za mraba 100. Ukiacha nusu lita kila mita, zimebaki lita 50. Kukausha lita moja kwa hewa kunahitaji kama megajuli 2.4, kwa hiyo jumla ni megajuli 120. Kiangazi cha Tabora upepo mkavu utakusaidia. Masika, hewa ikiwa imeshiba unyevu, hausaidiki hivyo. Na waumini hawakusubiri: ukianza baada ya Alfajiri, una kama saa sita tu hadi Adhuhuri. Mashine inayoacha lita moja kwa mita inakuongezea mzigo mara mbili, na huo mkataba hutaupata tena.

Ufyonzaji unauliwa na mpira. Kwa kiasi kilekile cha hewa, mpira ukiwa mrefu mara mbili upotevu unakuwa mara mbili. Ila ukiwa mwembamba, balaa: mpira wa inchi moja na nusu unapoteza zaidi ya mara nne ya ule wa inchi mbili. Halafu Usoke iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari na hewa ni nyepesi, hivyo injini isiyo na turbo inapoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zilizoandikwa kwenye kibati. Nunua yenye ziada kidogo.

Hesabu ya uzito

Kwenye njia ya misafara ya Bagamoyo, Tabora hadi Ujiji, mzigo wa mpagazi ulikuwa kama kilo 30, na ulipimwa kabla ya safari. Nawe pima. Lita 5 kwa dakika ni lita 300 kwa saa, yaani kilo 300 za maji, bado mashine na tangi la maji machafu. Kirikuu cha Kijapani kimetengenezwa kubeba kilo 350. Haitoshi. Fikiria Hiace au Canter.

Zipo pia mashine zinazotumia injini ya gari lenyewe. Ni nyepesi, lakini gari likiharibika na kazi imesimama. Tena injini inachakaa gari likiwa limeegeshwa na kilomita hazisogei, kwa hiyo oili badilisha kwa saa za kazi. Ya aina yoyote, gari libaki nje: moshi wa injini ndani ya jengo unaua.

Jaribu kabla ya kulipa

Nenda na kipimajoto, ndoo mbili za lita 20 na zulia. Funga mpira wote utakaoutumia, si kipande cha maonyesho. Washa nusu saa, kisha pima joto pale maji yanapogusa zulia. Mwaga lita 20, fyonza, pima zinazorudi. Zikirudi 17 au 18, kaeni mzungumze bei. Zikirudi 12, mshukuru muuzaji, ondoka na pesa yako.