Diski pacha: namna ya kuokoa orodha zetu diski moja inapokufa

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa familia iliyokimbia vita, daftari hilo ni orodha ya walioandikishwa, picha ya mtoto anayetafutwa, au karatasi ya mapatano ya shamba iliyotiwa sahihi na pande mbili. Siku ya kurudi kijijini na kumkuta mwingine analima, karatasi hiyo ndiyo inayozuia panga kuinuliwa.

Watu wa Mapendo wanajua jinsi karatasi zinavyopotea. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo iliingia katikati ya mji wa Goma na kufika hadi ziwani. Volkano ililipuka tena tarehe 22 Mei 2021, na siku tano baadaye Mapendo ilikuwa miongoni mwa kartie 10 zilizoamriwa kuhama haraka. Mwishoni mwa Januari 2025 vita viliingia mjini, na baada yake kambi nyingi za kandokando zilivunjwa. Kwa sababu hiyo kamati nyingine huhifadhi nakala za karatasi zao katika kompyuta, ndani ya sanduku dogo la nje lenye diski mbili.

Sanduku hilo linafanyaje kazi?

Diski hizo ni kama makarani wawili wanaosikiliza msemaji mmoja. Kila jina linaloandikwa, wote wawili huliandika. Mfumo huu huitwa RAID 1. Karani mmoja akifa, daftari la mwenzake linabaki kamili. Sanduku huwasha taa nyekundu au hulia, lakini kazi inaendelea. Hapo ndipo kuna hatari: watu huona mafaili bado yanafunguka, wanaizoea taa, kisha diski ya pili inakufa pia.

Hatua za kufuata

1. Msibonyeze ovyo. Kompyuta ikiuliza kama mnataka kuisafisha diski au kuitengeneza upya, kataeni. Msichomoe diski yoyote kwanza.

2. Nakilini mafaili yote kwenye diski nyingine iliyo nje ya sanduku hilo. Anzeni na yale yasiyopatikana mahali pengine. Kazi ya kutengeneza huichosha sana diski iliyobaki, nayo mara nyingi ina umri sawa na iliyokufa.

3. Tambueni mgonjwa ni yupi. Tazameni taa na programu ya sanduku, kisha andikeni namba ya kila diski iliyo kwenye kibandiko chake. Bandikeni alama: "nzima", "mbovu". Mkiitoa iliyo nzima kwa makosa, mnaweza kupoteza yote.

4. Tafuteni diski mpya yenye ukubwa sawa au zaidi. Ikipungua hata kidogo, sanduku litaikataa. Iwe tupu. Diski iliyotoka kwenye sanduku jingine inaweza kuuchanganya mfumo, ukanakili utupu juu ya majina yenu.

5. Someni kitabu cha sanduku. Baadhi huruhusu kubadilisha diski huku yanawaka, mengine lazima yazimwe kwanza. Wekeni diski mpya katika nafasi ileile ya mbovu. Masanduku mengine huanza kunakili yenyewe, mengine husubiri amri.

6. Subirini. Diski ya terabaiti 2, ikinakili megabaiti 100 kwa sekunde, huchukua zaidi ya saa 5, na mara nyingi huwa zaidi. Umeme ukikatika katikati, sanduku linaweza kuanza upya au kuharibu kazi. Betri ya kompyuta ndogo haitoshi, kwa sababu masanduku mengi hutumia waya wake wa umeme. Tumieni betri ya akiba inayoweza kubeba sanduku, au chagueni saa ambazo jenereta itawaka bila kuzimwa.

7. Taa zikirudi kuwa za kawaida, fungueni mafaili kadhaa, ya zamani na ya karibuni. Hesabuni majina na mlinganishe na daftari la karatasi.

Kazi ya mbele ya macho ya wote

Fundi anaweza kuikamilisha kazi hii peke yake ndani ya chumba, lakini kwa amani haitoshi. Familia ikikosa jina lake kwenye orodha, uvumi huanza: wametufuta, wamewapendelea watu wao. Basi diski ibadilishwe mbele ya wajumbe wa kila upande, pamoja na wanawake na vijana. Iandikwe katika daftari: tarehe, namba za diski, majina yaliyohesabiwa kabla na baada, na sahihi za waliokuwepo. Neno la siri lisibaki kwa mtu mmoja tu, maana naye anaweza kukimbia au kufariki.

Diski mbovu nayo isiuzwe wala kutupwa. Hata ikikataa kuwaka, fundi mwenye vifaa anaweza kusoma majina yaliyomo, na jina la shahidi likifika kwa mtu mbaya linaweza kuua. Itobolewe au ivunjwe kabisa mbele ya wajumbe haohao.

Pacha si akiba

Tusidanganyike. Mtu akifuta orodha kwa makosa, inafutwa kwenye diski zote mbili papo hapo. Mwizi akibeba sanduku, amebeba pacha wote. Moto na lava havichagui. Kwa hiyo nakala ya tatu ikae mahali pengine, mbali na jengo hilo, imefungwa kwa neno la siri, na ifanywe mpya kila mwezi. Na kila familia ibaki na karatasi yake mkononi.

Viongozi wapendwa, mkutanapo tena ulizeni maswali matatu: taa za sanduku letu zina rangi gani? Nakala ya tatu iko wapi? Ni nani wanaolijua neno la siri? Mkikosa jibu la moja, kazi ianze siku hiyohiyo.