Uchanganuzi wa Semi za Wakati na Muda katika Programu za Kompyuta: Tatizo la Neno "Saa" katika Kiswahili

1.0 Utangulizi

Programu ya kompyuta inayopokea maandishi kuhusu wakati hukabiliwa na kazi mbili ambazo hazina budi kutenganishwa. Ya kwanza ni kutambua nukta ya wakati, yaani jambo linafanyika lini. Ya pili ni kutambua muda, yaani jambo linachukua au linasubiri kiasi gani cha wakati. Kiwango cha kimataifa cha ISO 8601, kilichotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1988, hutenganisha dhana hizi kwa maumbo: 14:00 ni nukta ya wakati, ilhali PT8H ni muda wa saa nane.

Katika Kiswahili, mpaka huo haumo katika nomino. Usemi "saa nane" waweza kumaanisha 14:00, 02:00 au muda wa saa nane. Athari zake si ndogo. Maelekezo "meza kidonge kimoja kila baada ya saa nane" yanamtaka mgonjwa ameze vidonge 3 kwa siku. "Meza kidonge kimoja saa nane mchana" yanamtaka ameze 1. Programu ya kuwakumbusha wagonjwa inayochanganya semi hizi mbili itazidisha au itapunguza dozi bila kuonyesha kosa lolote, kwa kuwa kila jibu, likitazamwa peke yake, ni halali. Makala haya yanafafanua kwamba taarifa inayohitajika ili kutenganisha semi hizo imo ndani ya lugha yenyewe, hususan katika maneno madogo na viambishi ambavyo hatua za kawaida za uchakataji huviondoa mapema mno.

2.0 Saa kama Nukta ya Wakati

Saa za Kiswahili huhesabiwa kuanzia mapambazuko na machweo, hivyo hutofautiana na saa za kimataifa kwa 6. Waandishi wengi wa programu huishia hapo: huongeza 6 na kuona kazi imekwisha. Kanuni hiyo hutoa jibu sahihi kwa "saa 4 asubuhi" (10:00), lakini hukwama kwenye saa 12. "Saa 12 asubuhi" ni 06:00 na "saa 12 jioni" ni 18:00, ilhali 12 ukiongeza 6 ni 18 katika hali zote mbili.

Njia iliyo imara zaidi ni kuzalisha majibu mawili kwa kila saa iliyotajwa, yaani saa hiyo ukiongeza 6 na saa hiyo ukiongeza 18, huku 24 ikiondolewa kila jibu linapoifikia au kuizidi. Kisha kipindi cha siku kilichotajwa huchagua moja. Kwa mfano, asubuhi yaweza kuwekewa mipaka ya 05:00 hadi 12:00, jioni 16:00 hadi 19:00, na usiku 19:00 hadi 05:00. "Saa 10 usiku" huzalisha 16:00 na 04:00. Ni 04:00 pekee iliyo ndani ya usiku. Mipaka hii haihitaji kuwa kamilifu, wala wazungumzaji hawakubaliani kuhusu dakika ambayo jioni hugeuka usiku. Kinachohitajika ni kwamba kila kipindi kiwe kifupi kuliko saa 12, kwani majibu mawili yanayoachana kwa saa 12 hayawezi kuingia pamoja katika kipindi cha namna hiyo.

Neno "kasoro" linadai mpangilio maalumu. Katika "saa 1 kasorobo usiku", jibu ni 18:45, ambalo liko nje ya mipaka ya usiku iliyowekwa hapo juu. Kipindi huandamana na saa iliyotajwa, si na matokeo ya kutoa. Kwa hiyo programu ichague kwanza 19:00, ndipo itoe dakika 15.

Tatizo gumu zaidi ni la tarehe. "Ijumaa saa 7 usiku" huzalisha 01:00, na programu isiyo makini huandika 01:00 ya tarehe ya Ijumaa. Katika matumizi ya kawaida, msemaji anakusudia usiku ulioanza Ijumaa jioni, ambao kwa kalenda ya kimataifa tayari ni Jumamosi. Abiria anayeandikiwa safari kwa kosa hili hukuta chombo kiliondoka saa 24 kabla. Aidha, kwa hesabu ya Kiislamu siku huanza magharibi, hivyo "usiku wa Ijumaa" ni ule unaotangulia mchana wa Ijumaa. Waandishi wa habari wamekwisha kupata suluhisho: "usiku wa kuamkia Jumamosi" hauna utata kwa yeyote. Programu inayomrudishia mtumiaji usemi huo ili athibitishe ina manufaa kuliko inayokisia kimyakimya.

3.0 Saa kama Muda

Viashiria vya muda ni maneno kama "kwa", "kila", "baada ya", "ndani ya" na "muda wa". Katika uchakataji wa matini, baadhi ya maneno haya huwekwa katika orodha ya maneno yasiyo na uzito na kufutwa mwanzoni. Kwa semi za wakati, kuyafuta ni kufuta jibu.

Ngeli za nomino nazo hutoa ushahidi. "Mwezi wa 3" ni Machi. "Miezi 3" ni muda. "Mwaka 20" na "miaka 20" hutofautiana vivyo hivyo. Hatua inayorejesha kila nomino katika umoja huangamiza tofauti hiyo. "Saa", kwa kuwa haibadiliki katika wingi, haitoi msaada huo. Na pengine ndiyo sababu wazungumzaji wengi husema "masaa" wanapokusudia muda. Sarufi sanifu huikataa "masaa", lakini kichanganuzi kisiisahihishe kabla ya kuisoma.

4.0 Kutoka Muda hadi Tarehe

Muda ukishatambuliwa, usigeuzwe mara moja kuwa sekunde. "Mwezi mmoja" kuanzia 31 Januari 2024 hutoa 29 Februari katika maktaba ya tarehe ya Java, ambayo hurudi kwenye siku ya mwisho ya mwezi. Katika JavaScript, kuongeza 1 kwenye namba ya mwezi hutoa 2 Machi, kwa sababu siku zilizozidi humiminwa katika mwezi unaofuata. Python, katika aina yake ya kawaida ya muda, haina mwezi kabisa.

Hata siku si saa 24 kila mahali. Dar es Salaam na Nairobi hazibadilishi saa zao kwa majira, hivyo kosa hili huweza kujificha miaka mingi katika programu iliyojaribiwa huko. Kwa msemaji wa Kiswahili aliyeko London, "siku moja" kuanzia adhuhuri ya 30 Machi 2024 ilikuwa na saa 23, kwa kuwa saa za Uingereza zilisogezwa mbele usiku wa kuamkia tarehe 31. Kwa hiyo "siku moja" ihifadhiwe kama P1D na "saa ishirini na nne" kama PT24H, na hesabu ifanywe pale tu tarehe ya kuanzia na mahali vinapojulikana.