Gundi ya Kuziba Mishipa ya Ubongo

Kwa kawaida damu hutoka kwenye ateri, ikapita katika kapilari zinazoipunguza kasi, ndipo ikaingia kwenye vena. Wapo watu ambao mahali fulani ubongoni kapilari hazipo, na ateri zimeungana na vena moja kwa moja katika fundo la mishipa iliyosokotana. Kuta za vena hazikuumbwa kuhimili shinikizo la damu ya ateri. Kila mwaka fundo la namna hii lina hatari ya kuvuja damu ya takriban asilimia 2 hadi 4.

Linaweza kuzibwa kutoka ndani. Daktari hupenyeza katheta nyembamba kupitia ateri ya paja au ya mkono, akiifuatilia kwa eksirei mpaka ifike ubongoni. Luessenhop na Spence, Wamarekani walioielezea tiba hii mwaka 1960, waliachia vitufe vya plastiki vichukuliwe na mkondo wa damu. Siku hizi tunatumia vimiminika vinavyoganda, na kazi yote ni kujua vitagandia wapi.

Gundi ya sianoakrileti ni ya ukoo mmoja na ile ya dukani inayonasa vidole. Ikigusa damu huganda kwa sekunde chache. Ndiyo maana katheta husuuzwa kwanza kwa dekstrosi ya asilimia 5, kamwe si maji ya chumvi, ambayo yangeigandisha humo humo. Daktari akichelewa kuvuta katheta, ncha yake hunasa.

Onyx, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2005, ni plastiki iliyoyeyushwa katika kiyeyusho kiitwacho DMSO na kutiwa unga wa tantali ili ionekane kwa eksirei. Kichupa hutikiswa dakika 20; unga ukituama, unasukuma kitu usichokiona. Huganda kama uji unaopoa: utando juu, ndani bado laini, hivyo unaweza kutua kidogo kisha ukasukuma tena. Lakini polepole, kwa sababu DMSO ikiingia kwa kasi huumiza mshipa. (Mgonjwa hunuka kama kitunguu saumu kwa siku moja mbili. Ndugu waambiwe mapema.)

Ninachokiogopa zaidi ni kimiminika kuvuka hadi kwenye vena. Njia ya kutokea ikizibwa huku ateri bado zinamimina damu, fundo laweza kupasuka.

Mara nyingi kuziba peke yake hakutoshi. Hufuatiwa na upasuaji au mionzi. Tena utafiti wa ARUBA, uliochapishwa mwaka 2014, ulionyesha kuwa wagonjwa ambao fundo lao halijawahi kuvuja walipata viharusi na vifo vichache walipopewa dawa tu kuliko fundo lenyewe lilipotibiwa. Wapinzani wake wanasema wagonjwa walifuatiliwa kwa muda mfupi mno, na hoja hiyo naikubali. Hata hivyo, kabla ya kuuliza ni kimiminika gani kitumike, nauliza kwanza kama fundo limewahi kuvuja.